Dada kasema hii Contra inakimbia, na kumbe kweli inakimbia

Wiki moja kabla ya Krismasi dada yangu alishuka hapa kwetu Mwanga, Kigoma mjini, na wanae watatu kutokea Kasulu, mabegi hata hayajafunguliwa wapwa zangu washakiona kile kiboksi cheusi cha gemu za zamani chini ya tivi, mjomba hiki nini, mjomba kiwashe, nikawaambia subirini mama yenu anywe chai kwanza maana hiki nimemnunulia yeye. Na kweli nlikuwa nimekinunua kwa ajili yake. Nilikaa nacho wiki tatu bila kumwambia, akipiga simu naongea habari za mvua na bei ya mawese, nasubiri siku hiyo tu.

Basi akakaa mkekani, akachukua pedi ya kuchezea, nikamfungulia Contra, ile gemu ya vita ya utotoni kwetu. Akabonyeza kodi yetu, ile siri ya vitufe ya kupata roho thelathini, bila hata kuangalia mkono, juu juu chini chini kushoto kulia kushoto kulia B A, starti, akaingia msituni. Dakika mbili hazijaisha kashakufa mara nne. Dada yangu huyu! Mtu ambaye mwaka 1999 alikuwa anaimaliza gemu yote, levo zote nane mpaka ule moyo wa mwisho, na roho zinabaki. Akaweka pedi chini akaniangalia, akasema, "Mdogo wangu, hii sio yenyewe. Inakimbia."

Nikamwambia dada ni miaka imepita, vidole vimesahau. Akakataa katakata. "Vidole vyangu vinajua. Hata wimbo unakimbia, hebu sikiliza."

Mi nikasikiliza, nikaona wimbo ni uleule. Ila kwa kuwa namjua dada yangu, mtu akishasema kitu kwa sauti ile huwa hakosei, usiku ule sikulala. Na hiki ninachoandika hapa ndo nilichokipata, maana najua kuna watu wengi wa umri wetu wananunua haya maboksi ya gemu za zamani, wanacheza siku mbili, wanaona mbona haina ile raha, wanadhani ni utu uzima, wanakiweka kabatini. Sio utu uzima. Subiri nieleze.

Lazima nianze na mashine yetu yenyewe. Baba alikuwa reli, na mwaka 1998 alirudi kutoka Dar na treni akiwa na katoni limefungwa kamba ya katani, ndani kuna mashine ya gemu ya kanda, nyeupe ina nyekundu nyekundu, pedi mbili ambazo waya zake ni fupi mpaka inabidi ukae karibu kabisa na kioo, na bunduki ya plastiki. Kwa wadogo wanaosoma hapa, kanda ninayosema sio ya deki, ni lile dude la plastiki lenye gemu ndani unalichomeka juu ya mashine, na lisipokubali unalichomoa unalipuliza kwa mdomo unalichomeka tena. Kanda yetu kwenye karatasi iliandikwa gemu 9999, ukihesabu za kweli hazifiki arobaini, zingine ni hizohizo zimeanzishiwa levo tofauti. Lakini Contra ilikuwepo, ya vifaru vya vita ilikuwepo, ya bata ilikuwepo, Mario alikuwepo, tulitaka nini tena.

Na tivi yetu chogo, inchi kumi na nne. Hapa kuna kitu ambacho watu wa Dar hawakielewi nikiwaambia. Zanzibar walikuwa na tivi ya rangi tangu miaka ya 1970 lakini huku bara tulisubiri sana, ITV yenyewe imeanza 1994, na Kigoma bila dishi ulikuwa huoni chochote zaidi ya chenga. Kwa hiyo kwetu chogo lilikuwa la deki na gemu basi. Hakuna taarifa ya habari, hakuna tamthilia, ukiwasha ile tivi ni ama picha ya kukodi au ni Contra. Ndo maana ile gemu imeingia kwenye mifupa namna ile. Na umeme wenyewe ulikuwa wa majenereta ya dizeli, wa zamu, leo mnao kesho hamna, kwa hiyo siku ukiwepo hakuna mtoto wa kupoteza muda, watoto wa mtaa mzima wamejaa sebuleni, anayekufa anapisha, mama anapitisha fagio katikati ya miguu yetu anasema saa mbili nazima.

Dada alikuwa na miaka kumi na mbili, mi nane. Alikuwa anawapiga wavulana wote, hadi wale wakubwa wa shule ya sekondari waliokuwa wanakuja kwa dharau. Kuna ile levo ya tatu ya maporomoko ya maji, mnapanda juu wawili, na skrini inamfuata aliye juu, aliyebaki chini skrini ikimwacha anakufa hata kama hajaguswa na risasi. Dada alikuwa anaruka tu. Haningoji. Nimekufa pale kwenye yale maporomoko mara nyingi kuliko mahali popote, na ninavyoandika hivi bado naisikia ile sauti ya kufa.

Mashine ile tulikuwa tunaiita tu gemu, haikuwa na jina la maana. Baadaye sana ndo nimejua kwamba ilikuwa nakala ya Famicom ya Nintendo, ile iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983, iliyobuniwa na timu ya mzee Masayuki Uemura ambaye alifariki Desemba 2021. Ile ya Japani ndani ilikuwa na chipu mbili kuu za kampuni ya Ricoh, moja ya kufikiri na kutoa sauti, nyingine ya kuchora picha. Watu wa Taiwan, hasa kampuni inaitwa UMC, wakatengeneza chipu zao zinazofanya kazi kama zile, na kutoka hapo mashine zikamwagika dunia nzima kwenye nchi ambazo mashine ya Nintendo yenyewe ilikuwa adimu. Urusi, India, Amerika ya Kusini, na sisi. Usisahau hili la Taiwan, nitalirudia.

Sasa nije kwenye maboksi ya siku hizi.

Siku hizi kuna kitu kimoja kinacheza mashine zote za zamani kwa pamoja, Famicom, Super Nintendo, Sega, Game Boy, hadi PlayStation ya kwanza ile ya kwenye mabanda ya gemu. Ila yapo ya aina tofauti kabisa na bei zake ni mbingu na ardhi. Kuna yale yanayopokea kanda halisi, kama RetroN 5 ya Hyperkin iliyotoka 2014, ina matundu ya kanda za aina tano, unachomeka kanda yako, yenyewe inainakili ndani halafu inaicheza kwa emuleta, yaani programu inayojifanya ni ile mashine ya zamani. Ipo Polymega, hiyo ilitoka 2021, inasoma mpaka sidii za PlayStation na Saturn, na ukitaka kanda unanunua vipande vya kuongezea pembeni. Halafu kuna wenye fedha zao wanaotumia FPGA, hii ni chipu ambayo unaweza kuipanga upya ndani yake iwe kama chipu za mashine ya zamani zenyewe, sio programu inayoigiza hapana, ni saketi zinajipanga kufanya kazi ileile kwa wakati uleule. Analogue Pocket ya Desemba 2021 ni ya aina hiyo, ya kushika mkononi, na oda za kwanza zilikuwa karibu dola 200. Na kuna MiSTer, huo ni mradi wa watu wa kujitolea wanaotumia bodi ya DE10-Nano, mashine chungu nzima ndani ya bodi moja. Nimeziangalia sana video zake usiku. Siku moja.

Halafu kuna haya yetu ya Kariakoo. Boksi dogo au kijiti cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI, pedi mbili zisizo na waya, memori kadi imejazwa, kwenye katoni imeandikwa gemu elfu kumi. Au vile vya mkononi, R36S na Anbernic na Miyoo Mini, vizuri sana vile, kioo cha inchi tatu hivi, umeme ukikatika wewe unaendelea. Mi nilichukua boksi kwa sababu nilitaka tukae wawili mbele ya tivi kama zamani. Laki na ishirini na tano, nikaongeza elfu kumi ya basi, likafika siku ya tatu.

Nikuambie mapema mambo matatu ya haya maboksi maana ni pesa yako. Memori kadi inayokuja nayo usiiamini hata kidogo, nunua nyingine nzuri, nakili kila kitu siku ya kwanza kabla hata hujacheza, mi yangu ilikufa wiki ya pili nikashukuru Mungu nlikuwa nimeshanakili kwenye kompyuta ya kazini. Pili, picha itakuja imetanuliwa kujaza tivi nzima, watu wanene kama wamelaliwa, ingia kwenye setingi rudisha iwe nne kwa tatu, gemu hizi zilichorwa kwa tivi za chogo na mario mnene sio mario. Tatu, tivi flati inachelewa. Chogo ilikuwa inachora picha palepale inapoipokea, flati inaichukua kwanza, inaisafisha, inaikuza, ndo inakuonyesha, na wewe ushabonyeza kuruka zamani. Tafuta kwenye tivi yako mahali pa hali ya gemu uiwashe. Tofauti utaiona mwenyewe.

Hayo yote nilishayafanya kabla dada hajaja. Kwa hiyo aliposema inakimbia, kwanza nilidhani ni huko kuchelewa anakoongelea. Lakini kuchelewa na kukimbia ni vitu viwili. Akaniambia usiku uleule tunakula mihogo na migebuka, "Wale askari wanaotokea kulia, zamani nlikuwa naruka, napiga, natua, ndo mwingine anatokea. Sasa hivi sijatua kashafika." Huyu ni mtu hajagusa gemu miaka zaidi ya ishirini, ni mwalimu, hana hata gemu kwenye simu. Nikasema hapana, hapa kuna kitu.

Kitu chenyewe ni namba mbili, 50 na 60.

Tivi za zamani ziligawanyika duniani. Marekani na Japani walitumia mfumo wa NTSC, picha inachorwa mara 60 kwa sekunde. Ulaya nyingi, na sisi Tanzania, tulitumia PAL, mara 50 kwa sekunde, na asili yake ni umeme wa ukutani, wenzetu Marekani umeme wao ni hezi 60, yaani unapiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu ni hezi 50, na tivi za mwanzo zilipangwa ziende sawa na umeme wa nchi. Sasa gemu za Famicom hazikuwa na saa. Zilikuwa zinahesabu picha. Kila picha moja ikichorwa, askari anasogea hatua moja, risasi inasogea, wimbo unasogea. Ukiichukua gemu iliyotungwa kwa 60 ukaiweka kwenye mashine ya 50, kila kitu kinatembea taratibu kwa sehemu moja ya sita. Jambo ambalo kwa Mjapani ni sekunde 60, sebuleni kwetu lilikuwa sekunde 72.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilisimama nikatoka nje kabisa. Saa saba usiku, huko chini ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa kama mji mwingine, na mi nimesimama uani nawaza kwamba utoto wetu wote tumecheza Contra ya taratibu, na dada kaibeba ile kasi mwilini mwake tangu 1999 mpaka leo, na kiboksi changu kwa kuwa kimepangwa kiwandani kicheze kama ya Marekani kinampa Contra ambayo hajawahi kuicheza maishani. Hakusahau chochote. Yeye ndo alikuwa kipimo sahihi kuliko mashine.

Asubuhi nikamwambia dada nimeipata, nikajiona fundi. Boksi langu ndani lina RetroArch, programu ya bure ambayo ndo imo kwenye mengi ya haya maboksi, ukiingia kwenye menyu yake wakati gemu inaendelea unakuta mahali pa mipangilio ya emuleta, na pale kuna eneo, ilikuwa imekaa ijiamulie yenyewe, nikaiweka PAL. Tukawasha. Askari wakapunguza mwendo. Dada akaanza kuua watu. Akatabasamu mara ya kwanza tangu jana yake, halafu akasimamisha gemu.

"Mwendo ndo wenyewe. Lakini wimbo umezama."

Nikamuuliza umezamaje. Akauimba. Dada yangu anaimba kwaya, sauti ya pili, tangu tukiwa Ujiji mpaka leo huko Kasulu, na aliuimba ule wimbo wa msituni kwa mdomo, halafu akabonyeza starti tuusikie wa kwenye tivi, na kweli wa kwenye tivi ulikuwa chini zaidi, mzito, kama kanda ya redio betri zikikaribia kuisha. Mpaka mama aliyekuwa jikoni akasema mbona hiyo inalia vibaya.

Basi nikarudi kusoma, usiku wa pili. Na hapa ndo Taiwan inarudi.

Nintendo wenyewe walipotengeneza mashine ya PAL kwa ajili ya Ulaya, hawakupunguza picha tu, na chipu yenyewe waliipunguza kasi, kutoka megahezi 1.79 kwenda 1.66. Sauti inatoka kwenye chipu hiyohiyo, kwa hiyo gemu ya Kimarekani ukiiweka humo wimbo unatembea taratibu na pia unashuka, zaidi kidogo ya nusu sauti kwa wanaojua muziki. Lakini wale UMC wa Taiwan walikuwa na shida tofauti. Wao mashine zao zilikuwa zinaenda kwenye nchi za PAL lakini kanda zinazouzwa huko ni nakala za gemu za Kijapani na Kimarekani. Sasa ukipunguza chipu gemu zingine zinaharibika, picha inakatika katikati, mistari inacheza. Wakafanya kitu cha akili sana, nakiheshimu mpaka leo: chipu wakaiacha karibu na kasi yake ya kwanza, megahezi 1.77, na uwiano wa kasi kati yake na ile chipu ya kuchora wakauacha uleule wa Kijapani, halafu ile mistari ya picha ya ziada ambayo tivi ya PAL inaitaka, maana NTSC ni mistari 262 na PAL ni 312, wakaifanya iwe muda mtupu, mashine inasubiri tu chini ya picha kabla ya kuanza nyingine. Matokeo yake gemu inatembea kwa 50 lakini sauti inabaki karibu pale pale ilipotungwa. Taratibu, lakini haijazama.

Ndo hiyo. Ndo mashine yetu. Chipu ya aina hiyo ndo iliyokuwa kwenye mashine za nchi kama zetu, na Urusi iliuzwa kuanzia 1992 kwa jina la Dendy, ikawa maarufu mno kule, mpaka watengenezaji wa emuleta wakaupa mpangilio huo jina hilohilo. Kwa hiyo nilipoingia tena kwenye ile menyu ya eneo, chini ya NTSC na PAL kulikuwa na neno la tatu ambalo siku ya kwanza nililiruka kwa sababu sikujua ni nini. Dendy.

Nimelifikiria sana hili. Kwamba mahali fulani kuna mtu aliyekaa akaandika programu bila kulipwa, akasema pamoja na mashine halisi ya Japani na halisi ya Ulaya tuiweke na ile nakala, ile isiyo na jina, kwa sababu mamilioni ya watoto wameicheza hiyo na kwao hiyo ndo halisi. Watu wengi kwenye mambo haya ya gemu za zamani wanaongea kuhusu uhalisi, kanda halisi, mashine halisi, na ukisema ulikuwa na nakala wanakuona hukucheza. Sikubaliani nao. Kigoma haikuwahi kuuziwa nyingine. Halisi ya kwetu ilikuwa ile iliyokuja na treni.

Ila Dendy peke yake haikutosha, nakupa na hili usihangaike kama mi. Boksi linatoa picha 60 kwa sekunde kwenda kwenye tivi, gemu inatoa 50, hazigawanyiki, picha zingine zinarudiwa, kwa hiyo jamaa akikimbia anakuwa kama anashtuka shtuka. Inabidi utoke mpaka kwenye setingi za boksi lenyewe, sehemu ya HDMI, utafute iliyoandikwa 50 mwishoni. Tivi nyingi za huku zinaikubali. Yangu ilizima kioo sekunde tatu nikadhani nimeiua, ikarudi, laini kama maji.

Kitu kimoja kilishindikana, gemu ya bata. Wapwa zangu waliiona kwenye orodha, mjomba bunduki iko wapi, nikawaeleza lakini hawakuridhika. Ile bunduki haikuwa inatoa kitu, ilikuwa inapokea. Ukivuta kifyatulio skrini inakuwa nyeusi kwa picha moja, halafu panapokaa bata panakuwa peupe, na jicho lililo ndani ya mtutu linaangalia kama limeona mwanga ule kwa wakati uleule. Kwa chogo inawezekana kwa sababu inachora palepale. Flati ikichelewa hata kidogo bunduki inasema hakuna kitu. Kwa hiyo bata wa kwenye boksi langu wanapaa na hakuna wa kuwagusa, ila nimeanza kuulizia chogo kwa mafundi wa pale sokoni Mwanga, mmoja kaniambia analo nyumbani kwao, linawaka.

Na hizo gemu elfu kumi, zile zote zimejazwa mule bila ruhusa ya wenyewe, hilo lazima lisemwe. Emuleta yenyewe sio kosa, Marekani mahakama ya rufaa ilishasema hivyo mwaka 2000 kwenye kesi ya Sony na Connectix, waliotengeneza emuleta ya PlayStation, lakini gemu ni mali ya mtu. Nintendo waliwafikisha mahakamani wenye tovuti za kugawa gemu, mwaka 2018, ikaishia kwenye hukumu ya zaidi ya dola milioni 12. Mi ninachofanya, gemu ambayo bado inauzwa kwa njia halali na naweza kuilipia nailipia. Contra, Konami ambao ndo wenye gemu hiyo wameitoa tena kwenye mkusanyiko wao wa 2019, nikaununua kwenye kompyuta. Ile elfu kumi nimefuta karibu yote, tumebaki na zile zilizokuwa kwenye kanda yetu na chache za Sega ambazo wapwa wamezipenda.

Siku ya tatu jioni basi. Dada katoka kuoga, kajifunga khanga, mama kakaa kwenye kiti chake anachambua dagaa, na mi sikumwambia nimebadilisha nini. Nikampa pedi tu. Kodi, starti, wimbo ukaanza.

Hakusema kitu. Alisogea mbele mkekani, karibu kabisa na kioo, kama vile pedi ina waya mfupi.

Alipita msitu wote bila kufa. Akapita ile ya ndani ya ngome. Tukafika maporomoko, mi nimeshika pedi ya pili, nikamwambia dada ningoje, akasema ndiyo nakungoja, na akaanza kuruka. Nikabaki kwenye kile kijiwe cha chini kilekile. Wapwa wanapiga kelele mama umemuua mjomba, na mama yetu bila kuinua kichwa kwenye ungo akasema, "Huyu mtoto hamngojagi mwenzake tangu zamani," na dada anacheka mpaka machozi lakini mikono haisimami, anapanda tu.

Ile sauti ya kufa ilikuwa kwenye noti yake.

Watoto nao walicheza baadaye, na wao wakasema hii ya mama inachelewa, wanaitaka ile ya kwanza inayokimbia. Nikaona ni haki yao. RetroArch inakubali kuhifadhi mipangilio ya gemu moja moja, kwa hiyo nikanakili faili la Contra mara mbili, moja nikaliacha kwenye 60 nikaliita WATOTO, lingine nikaliweka Dendy, nikaliita DADA. Walipoondoka tarehe mbili Januari boksi lilienda nao Kasulu, limefungwa kwenye katoni la mafuta pamoja na chupa mbili za mawese. Juzi kanipigia simu usiku, salamu hata hajamaliza, anauliza ile ya vifaru anaibadilishaje iwe ya kwetu.